Funksheni ya mistari 412 na bili zinazopishana shilingi mbili

Swali

Assalaam alaykum Maalim,

Mimi ni mwandishi wa programu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Natunza mfumo wa kuweka nafasi wa nyumba kadhaa za wageni, nyingi ziko Shela na chache Mkomani. Umeandikwa kwa Python, na nimeurithi kwa mtu aliyeuanza kisha akahamia Mombasa. Ndani yake mna funksheni moja, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, iitwayo `andaa_bili`, ina mistari 412. Hiyo hiyo moja hukagua tarehe, hutafuta bei ya msimu, hutenganisha mkaazi na mgeni wa ng'ambo, hupunguzia watoto, huongeza VAT na tozo ya utalii, huongeza nauli ya boti ya kumchukua mgeni uwanja wa ndege wa Manda, hutuma ombi la M-Pesa, huhifadhi kwenye hifadhidata, hutuma SMS, kisha huchapisha risiti.

Mwenye nyumba mmoja aliniomba jambo dogo tu: mtoto wa chini ya miaka mitano asilipishwe kitanda. Nikaongeza mstari mmoja. Bili za kitanda zikakaa sawa, lakini nauli ya boti ikawa pungufu kwa kila familia yenye mtoto mdogo, na sehemu ya boti sikuigusa kabisa. Nikaona bora niikate funksheni yote vipande vya mistari kumi kumi. Ikawa balaa juu ya balaa: kila kipande kina parameta (vitu kinavyopewa ili kifanye kazi) nane au tisa, na bili zikawa zinapishana na za zamani kwa shilingi moja au mbili. Nimerudisha ya zamani.

Mwenzangu mmoja asema kitu kikienda usikiguse. Mwengine asema nifute yote niandike upya. Desemba yaja na nyumba zitajaa. Funksheni inafaa iwe na mistari mingapi? Na nianzie wapi bila kuharibu bili za watu? Nakuwekea vipande viwili uvitazame:

```
n = wakubwa + watoto
n = n - watoto_chini_ya_5   # mstari nilioongeza
jumla = bei * n * siku
# ... mistari 190 baadaye
boti = nauli * n
```

```
if jibu["ResponseCode"] == "0":
    nafasi.hali = "imelipwa"
```

Msomaji wa Langoni, Lamu

Jibu

Waalaykum salaam ndugu yangu,

Hiyo rula ya mistari kumi ndiyo iliyokuponza, kwa hivyo tuanze nayo. Hakuna idadi iliyo halali na nyengine haramu. Mwongozo wa waandishi wa kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, husema funksheni itoshe kwenye skrini moja au mbili, skrini yenyewe ikiwa ya mistari 24, na vigeu vya ndani, yaani majina yanayobeba thamani, visizidi 5 hadi 10. Kipimo kingine alikitoa Thomas McCabe mwaka 1976, nacho hakitazami urefu bali njia ambazo programu yaweza kupita: unaanza na 1, unaongeza 1 kwa kila `if`, `elif`, `for`, `while` na `except`, na ukivuka 10 unaanza kujiuliza. Programu ndogo iitwayo radon itakuhesabia ukiandika `radon cc -s` na jina la faili. Hutoa alama kuanzia A hadi F, na F ni 41 kwenda juu. Sina shaka `andaa_bili` imo humo. Lakini mistari 60 inayojaza sehemu za risiti, moja baada ya nyengine, bila `if` hata moja, iache ilivyo. Ukiikata utampa msomaji kazi ya kurukaruka faili nzima bila faida.

Pa kukata hupajui kwa kuhesabu. Unapajua kwa kujiuliza: nani atakuja kuniomba hiki kibadilike? Bei ya msimu huletwa na mwenye nyumba. Kiwango cha VAT huletwa na serikali. Maneno ya SMS huletwa na yule anayepokea wageni gatini. Taratibu za M-Pesa zina wenyewe. Hawa ni watu wanne wasiojuana, na maombi yao yote yanaangukia funksheni moja. Kila mmoja apate yake. Vipande vyako vya mistari kumi viliipita mipaka hii bila kuiona, ndiyo maana kila kimoja kilihitaji parameta tisa: ulikata katikati ya hesabu, na nusu ya hesabu haiwezi kufanya kazi bila kubebewa kila kitu cha nusu ya pili.

Sasa boti. Kosa halikuwa mstari wako, lilikuwa jina `n`. Juu ya funksheni `n` ni vitanda vya kulipiwa. Chini ni abiria wa boti. Vilikuwa sawa kwa bahati tu hadi siku ulipoombwa kuvitenganisha. Mtoto wa miaka mitatu halipii kitanda, lakini kwenye boti ya Manda nahodha amemhesabu. Kabla hujatoa kipande chochote, pita funksheni nzima utafute kila kigeu kinachopewa thamani zaidi ya mara moja, na kila thamani uipe jina lake: `vitanda_vya_kulipiwa`, `abiria_wa_boti`. Nabashiri `jumla` nayo ni hivyo hivyo: kwanza ni bei ya vitanda, kisha bei baada ya punguzo, kisha bei pamoja na kodi, yote kwa jina moja. Igawe iwe `bei_ya_vitanda`, `bei_baada_ya_punguzo`, `jumla_ya_kulipa`. Kazi hii ni ya kuchosha, haina sifa, na ndiyo nusu ya safari. Ukiimaliza, mipaka ya kukata itajitokeza yenyewe, kwa sababu utaona kwa macho jina gani linaishia wapi.

Lakini hata kubadili jina usibadili kabla ya kuwa na kitu cha kukuambia kama bili imesogea. Huna majaribio, na siku hizi si za kuanza kuandika moja moja kwa kubuni. Chukua bili ambazo mfumo umeshazitoa. Toa kwenye hifadhidata nafasi kama 200, zipitishe kwenye `andaa_bili` kama ilivyo leo, na matokeo ya kila moja uyaandike kwenye faili la JSON. Hizo ndizo picha za bili zako, na ndizo majibu sahihi kwa sasa, hata yale unayoyashuku. Kisha jaribio moja la pytest, programu ya kuendesha majaribio, lirudie nafasi zile zile na kulinganisha herufi kwa herufi.

Usizichague kiholela. Tafuta zile zinazokaa mpakani: mgeni aliyelala usiku 6, wa 7 na wa 8 ikiwa punguzo lako laanzia wiki, aliyeingia mwisho wa msimu mmoja akatoka mwanzo wa mwengine, aliyelala tarehe 29 Februari, familia ya wakaazi yenye watoto wawili wa umri tofauti, aliyekuja kwa basi hadi Mokowe kwa hivyo hakuchukua boti yenu, nafasi iliyofutwa. Kama kumbukumbu zenu zafika huko, tia na za 2020, maana Aprili mwaka ule VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, ikarudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021. Na majina na nambari za simu zifute, utie za kubuni, kabla faili halijaingia kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haina huruma kwa mtu anayesambaza simu za wageni, na Git haisahau.

Ukimaliza, endesha programu iitwayo coverage ikuonyeshe mistari ambayo majaribio hayakuipita, uongeze nafasi zitakazoipita. Kisha fanya uharibifu wa makusudi: badili 16 iwe 17, endesha majaribio. Yakibaki kijani, yaani yakifaulu, basi hayatazami kitu, na ni afadhali ulijue hilo leo.

Hapa utakwama, nalijua swali lako: mtu ataendeshaje `andaa_bili` mara 200 na hali ndani yake inatuma SMS na kuomba pesa? Ndiyo maana mkato wa kwanza ni ule mkubwa, wa kutenga kuhesabu na kutenda. Kuhesabu ni kazi ya namba: unaipa nafasi, bei na viwango, inakupa bili, na haigusi ulimwengu. Kutenda ni M-Pesa, SMS, hifadhidata na risiti. Kwa kuanza, usiwahamishe hawa watendaji, wape tu mlango: badala ya funksheni kuita SMS yenyewe, ipokee `tuma_sms` kama parameta. Siku ya kazi unaipa ya kweli. Siku ya jaribio unaipa ya bandia, ambayo kazi yake ni kuandika kwenye orodha moja tu kwamba imeitwa, na kwa maneno gani. Iwe orodha moja kwa watendaji wote, kwa sababu unataka kujua pia nani alitangulia: kama leo nafasi huhifadhiwa kabla ya SMS kutoka, kesho iwe hivyo hivyo. Fanya vivyo hivyo kwa `date.today()`. Ipitishe kama `leo`, la sivyo majaribio yako yatafaulu mwezi huu na kuanguka mwezi ujao.

Mabadiliko haya machache utayafanya kabla majaribio hayajakamilika, hakuna njia nyengine, basi yawe madogo na uachie kihariri kiyafanye. Kwenye PyCharm unachagua mistari kisha Ctrl+Alt+M, nacho hujaza parameta chenyewe. Kikikuletea parameta tisa, ghairi. Hapo pamekuambia si pa kukata bado.

Mwisho wa kazi, funksheni ya juu itakuwa kama hivi:

```
def andaa_bili(nafasi, leo, huduma):
    kagua_tarehe(nafasi, leo)
    bei = bei_za_msimu(nafasi)
    viwango = viwango_vya_kodi(nafasi.tarehe_kuingia)
    bili = kokotoa_bili(nafasi, bei, viwango)
    huduma.omba_malipo(nafasi, bili)
    huduma.hifadhi(nafasi, bili)
    huduma.tuma_sms(nafasi, bili)
    huduma.chapisha_risiti(nafasi, bili)
    return bili
```

Mtu mpya akiifungua anaisoma kwa mara moja, na akitaka undani wa boti anajua pa kwenda. Humo ndani ya `kokotoa_bili` ndimo utatoa vipande vidogo: `nauli_ya_boti`, `punguzo_la_kukaa`, `kodi_na_tozo`. Jina likikulazimu kutia "na" katikati, tazama tena kama si kazi mbili, ingawa `kodi_na_tozo` mimi ningeiacha, kwa kuwa hutembea pamoja kila siku. Na ukijikuta unaandika `bei_ya_kitanda(nafasi, True)`, mwenye kusoma hatajua hiyo `True` ni nini. Fanya mbili: `bei_ya_mkaazi` na `bei_ya_mgeni`.

Shilingi mbili zako zimetoka kwenye kuondoa senti, yaani kuipeleka hesabu kwenye shilingi nzima iliyo karibu. Tazama kitanda cha shilingi 3,790 kwa usiku. VAT ya asilimia 16 ni 606.40. Ukiondoa senti kila usiku unapata 606, na kwa siku nne ni 2,424. Ukijumlisha kwanza unapata 15,160, VAT yake ni 2,425.60, nayo ukiondoa senti ni 2,426. Shilingi mbili hizo hapo. Msimbo wa zamani ulikuwa ukiondoa senti mahali pamoja, wewe ulipokata ukaondoa ndani ya kipande cha usiku mmoja, au kinyume chake. Kuna na mtego wa pili: `round` ya Python 3 ikikuta nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo `round(2.5)` ni 2 na `round(3.5)` ni 4. Wahasibu wengi hawaitarajii hiyo. Dawa ni kutumia `Decimal` na kuamrisha `ROUND_HALF_UP`, na kuondoa senti mara moja tu, mwishoni. Lakini si sasa! Hilo ni badiliko la bili, na wewe kwa sasa unapanga upya bili ambayo haitakiwi kusogea hata senti. Liandike kwenye daftari, muulize mwenye nyumba na mhasibu wake ipi ndiyo hesabu yao, kisha ulibadili peke yake siku yake. Ukichanganya mawili haya kwenye komiti moja (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git), bili ikipishana hutajua ni mpango mpya au ni hesabu mpya.

Kwa hivyo mwendo ni huu: toa kipande kimoja, endesha majaribio, yakiwa kijani weka komiti, endelea. Yakiwa mekundu na hujaiona sababu upesi, usikae kutafuta. Andika `git restore`, urudi nyuma, ukate kidogo zaidi. Fundi wa jahazi habandui mbao zote kwa mpigo chombo kikiwa majini.

Mitego michache utakayokutana nayo njiani. Kipande chenye `return` katikati: ndani ya funksheni kubwa ilikuwa ikikatisha kila kitu, ukikitoa itakatisha kile kidogo tu na kubwa itaendelea hadi kutuma SMS kwa mtu aliyekataliwa. Geuza masharti ya kukataa yawe mwanzoni kabisa, kila moja na `raise` yake, ndani ya `kagua_tarehe`. Kipande kinachobadili `nafasi` kimya kimya huku kikihesabu, kikitoka humo kirudishe thamani badala ya kuigusa. Na funksheni za umri huu aghalabu zimefungwa zote ndani ya `try` moja, chini kabisa pameandikwa `except Exception: pass`. Ikiwa yako ni hivyo, hitilafu uliyoizua leo itamezwa bila kelele. Weka angalau mstari wa kuandika hitilafu kwenye logi kabla ya lolote.

Bei za msimu zinataka neno peke yake, maana hapa kwenu zina jambo ambalo mfumo ulionunuliwa kwengine haungelijua. Kaskazi na kusi waweza kuziwekea tarehe za kudumu. Maulidi huwezi. Yanaangukia Mfungo Sita, mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 11 hivi, na tarehe yenyewe yangoja mwezi uandame. Nikikisia, ndani ya `andaa_bili` mna ngazi ya `elif`, moja kwa kila mwaka, na kila mwaka mtu huongeza nyengine. Hiyo usiikate iwe funksheni ndogo ndogo. Ihamishie kwenye jedwali la hifadhidata lenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na bei, mwenye nyumba alijaze mwenyewe. `bei_za_msimu` itabaki na mistari michache ya kusoma jedwali. Viwango vya kodi navyo hivyo hivyo: kiwango na tarehe kilipoanza kutumika, ili bili ya Mei 2020 ikichapishwa tena itoke na 14 yake.

Wenzako wote wawili nimewasikia. Anayesema usikiguse, mwonyeshe bili za boti: kimeguswa tayari, na kitaguswa tena bei zikipanda. Anayesema ufute uandike upya, mwambie akutajie kwa kichwa kila sharti lililomo kwenye hiyo mistari 412. Mengi humo yaliombwa na mtu fulani kwa sababu fulani, na hayajaandikwa popote ila humo. Kwa Desemba, mimi ningefanya upande wa kuhesabu tu: picha za bili, majina, `kokotoa_bili`, majedwali. Upande wa kutenda ningeuacha hadi wageni watoke, isipokuwa sehemu moja.

Nayo ni kipande chako cha pili, ambacho hukukiulizia. Hiyo `ResponseCode` ya "0" inasema ombi limepokelewa na simu ya mgeni itatakiwa PIN. Haisemi amelipa. Jibu la malipo huja baadaye kwenye anwani yako ya kupokelea, likiwa na `ResultCode`: 0 amelipa, 1032 ameghairi mwenyewe. Kwa msimbo ulioniandikia, mgeni anayebonyeza kughairi ameshaandikwa "imelipwa". Hili halingoji kupangwa upya. Lirekebishe sasa, ndani ya funksheni ndefu ile ile ilivyo: hapo andika "inasubiri_malipo", uhifadhi `CheckoutRequestID`, na "imelipwa" iandikwe na ile sehemu inayopokea jibu, baada ya kulinganisha kitambulisho hicho na kiasi. Jibu moja laweza kukufikia mara mbili, kwa hivyo safu ya `MpesaReceiptNumber` kwenye hifadhidata iwekee sharti la kutojirudia. Kisha pitia nafasi za nyuma zilizoandikwa zimelipwa na hazina nambari ya risiti, uwape wenye nyumba orodha yao. Ukishamaliza hilo, ndipo uchukue zile picha za bili 200.